Mashine ya kukandamiza kifua: namna ya kuivisha bila ya kuchelewesha mikono

Somo hili ni la mashine ya pistoni, LUCAS. Ile ya mkanda, AutoPulse, huvishwa vyengine.

Mikono kwanza. Moyo ukisimama, kandamiza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara uwache kifua kinyanyuke chote. Mashine itayarishwe pembeni na wengine.

1. Kateni nguo za kifuani, buibui likiwemo. Kausheni jasho na jeli, kwani kikombe cha mashine, kile kinachokandamiza kifua, huteleza.

2. Mnyanyueni mabega, bamba la mgongo lipite chini ya makwapa. Rudini kukandamiza hapo hapo. Kila pumziko lisizidi sekunde 10.

3. Nasisheni mguu mmoja wa mashine, halafu wa pili. Ivuteni juu mara moja kuhakikisha imekamata.

4. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukingo wa chini wa kikombe ukae juu kidogo ya ncha ya mfupa wa kidari. Kishushe kwa vidole viwili mpaka kiguse ngozi, basi. Ukikigandamiza, kifua hakinyanyuki chote. Ukikiwacha hewani, kina hakitoshi. Bonyeza kitufe nambari 2 kufunga, angalia tena, kisha kitufe nambari 3: cha 30 kwa 2 (makandamizo 30, pumzi 2) kama hana mpira wa hewa kooni, cha mfululizo kama anao.

5. Funga mkanda wa shingoni, uchore alama ya kalamu pembeni ya kikombe. Mashine ikiteremka tumboni, inapiga ini.

Masuali

*Dokta, kwa hiyo kila mgonjwa avishwe?*
Hapana. Majaribio ya LINC (2014) na PARAMEDIC (2015) hayakuonesha kuwa inaokoa wengi kuliko mikono. Ina maana pale mikono inaposhindwa: gari linakimbia kutoka Konde hadi Chake, Pemba, na mkandamizaji kasimama bila ya mkanda wa gari, au kazi imekuwa ndefu.

*Na wakati wa shoti ya umeme ya moyo?*
Iwacheni ifanye kazi. Stika za shoti tu zisiwe chini ya kikombe.

*Mtoto je?*
Kifua chenye kimo, kutoka mgongoni hadi kidarini, chini ya sentimita 17 mashine hukataa kuanza. Endeleeni kwa mikono.

*Betri inadumu kiasi gani?*
Kama dakika 45. Bonyeza kitufe nambari 2 kwanza, badilisha ndani ya sekunde 60, mashine isije ikasahau pa kuanzia. Ikizidi, mwenzako aanze kwa mikono, wewe upange upya.