Kadi ya poti ya seriali inasomeka, mizani iko kimya: pima waya kwanza

Juzi nilimaliza siku moja na nusu kwenye stoo ya mama mmoja anayenunua asali hapa Tabora, Isevya. Asali haiaminiki kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 28 hivi, kwa hiyo uzito unatoka kwenye mizani moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, la sivyo mabishano na warina asali hayaishi. Radi iliua poti ya seriali (tundu la pini 9 linalopokea waya wa mizani) ya kwenye ubao mama, tukaweka kadi ya PCI Express yenye poti mbili.

Utaniuliza kwa nini sikununua kile kiwaya cha kugeuza USB kuwa poti ya seriali. Sikipendi kwa mashine inayoshinda imewashwa: mtoto akikihamishia tundu jingine, namba ya COM (jina ambalo Windows huipa poti) nayo inahama, kisha unapigiwa simu saa mbili usiku.

Hatua ya 1: Chomeka kadi. Zima, chomoa umeme, kaza skrubu. Kama kadi ina jampa za kupeleka volti 5 au 12 kwenye pini ya 9, ziweke kwenye RI, yaani ishara ya kawaida ya pini hiyo, bila umeme.

Hatua ya 2: Draiva. Usifuate maandishi ya kwenye boksi, soma chipu. Fungua Device Manager, bofya kadi mara mbili, kisha Details, kisha Hardware Ids. VEN_9710 ni MosChip. VEN_1C00 au VEN_4348 ni WCH. Tafuta draiva ya chipu hiyo, ukichukua kwa mtengenezaji wa chipu.

Hatua ya 3: Kipimo cha klipu. Chomoa waya wa mizani. Kwenye poti ya DB9 (lile tundu la pini 9), unganisha pini ya 2 (data inayoingia) na ya 3 (data inayotoka) kwa klipu ya karatasi. Fungua PuTTY, programu ya kuongea na poti, chagua Serial, weka namba ya COM, flow control iwe None, kisha andika chochote. Herufi zikirudi, poti ni nzima. Ruka hadi hatua ya 5. Ila chomoa klipu uhakikishe zinapotea. Zisipopotea, ni PuTTY inakuonyesha ulichoandika mwenyewe. Zima Local echo urudie.

Hatua ya 4: Utepe wa nyaya. Hapa ndipo siku yangu ilipoishia. Device Manager haikuwa na alama yoyote ya njano, lakini herufi hazirudi. Nilibadilisha draiva mara tatu, nikahamisha sloti, nikajaribu kadi kwenye kompyuta nyingine. Hola. Mama akaniletea chai, akaniuliza kwa upole, "Fundi, au tuiache?"

Kadi hizi ndogo zina soketi ya pini 10 kwa kila poti, na kutoka hapo unakwenda utepe wenye DB9 mwishoni. Kadi yetu ilikuja bila tepe zake, nikachukua moja ya ubao mama wa zamani kutoka kwenye droo yangu. Kumbe tepe hizi zina mipangilio miwili, na kwa macho ni mapacha. Mmoja umebanwa moja kwa moja: waya wa 1 unaingia pini ya 1, wa 2 pini ya 6, wa 3 pini ya 2, wa 4 pini ya 7, na kuendelea. Mwingine umepangwa upya ndani, waya wa 2 unafika pini ya 2, wa 3 pini ya 3, hadi wa 9.

Kadi ikitaka wa pili nawe ukaweka wa kwanza, data inayotoka inajitokeza pini ya 2, na ardhi (GND, ambayo kwa kawaida ni pini ya 5) inakaa pini ya 3. Klipu yangu ilikuwa inapiga data shoti kwenye ardhi, mimi nalaumu draiva!

Kipimo chake ni dakika moja. Kompyuta ikiwa imezimwa na umeme umechomolewa, weka multimita kwenye mlio, ncha moja kwenye bati la kasha, nyingine kwenye pini ya 5 ya DB9. Lazima ilie. Ikinyamaza pale na kulia kwenye pini ya 3, utepe si wake. (Hakikisha pia ule mstari mwekundu wa utepe uko upande wa pini ya 1 ya kadi.) Ukishawasha na kufungua PuTTY, pima volti kati ya pini ya 3 na ya 5: poti iliyotulia hutoa hasi, kama −5 hadi −12.

Nilikata utepe, nikachomea nyaya upya kwa risasi. Herufi zikarudi.

Hatua ya 5: Namba ya COM. Programu nyingi za zamani huishia COM4, kadi inajipa COM5. Zima poti iliyokufa kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka), kisha kwenye Device Manager washa Show hidden devices, futa poti zilizofifia, kisha badilisha namba kwenye Port Settings, Advanced.

Hatua ya 6: Mizani. Jaribu kasi ya 9600, biti 8, bila pariti (biti ya kukagua makosa). Zikija alama za ajabu, jaribu biti 7 na pariti Even. Kukiwa kimya kabisa, huenda waya wa mizani unahitaji kupishanisha 2 na 3. Na mawingu yakitanda, chomoa waya wa mizani nyuma ya kompyuta, usiishie kwenye ule wa umeme.