Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuifanya Kompyuta ya Zamani Iwe Seva ya Nyumbani

Kompyuta iliyoshindwa kubeba Windows mpya bado inaweza kuihudumia familia kwa miaka mingi, ikiwekewa Linux, mfumo endeshi unaochukua nafasi ya Windows, na kupewa kazi moja ya seva, yaani kutunza picha, video na nyaraka za nyumba nzima mahali pamoja. Programu zinazohitajika ni huria na hazilipiwi. Naipenda kazi hii na ninawahimiza watu waifanye, lakini nimeitwa mara nyingi kwenye nyumba ambazo mambo yamekwisha kuharibika, na karibu kila mara chanzo kilikuwa jambo lililorukwa kabla ya kuanza.

Kagua mashine yenyewe kwanza. Kichakata kiwe cha biti 64, kwa sababu Debian 13, aina mojawapo ya Linux iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32, na Ubuntu, aina nyingine ya Linux, iliachana nazo mapema zaidi. RAM ya GB 4 inatosha kugawana mafaili kwa Samba, programu inayoziruhusu kompyuta nyingine za nyumbani kuyafungua mafaili ya seva. Ukitaka Immich, ambayo hupanga picha na kutambua sura za watu, tafuta GB 8 au zaidi. Iwashe kompyuta kwa flashi ya Linux bila kusakinisha chochote, ujaribu mtandao, skrini na milango ya USB. Hamisha kila kilichomo ndani yake kabla ya kusakinisha. Unapoandaa flashi hiyo kwa amri ya dd, endesha kwanza lsblk, amri inayoorodhesha diski, na usome ukubwa wa kila moja, maana dd haiulizi swali lolote, na ukiielekeza kwenye diski isiyo yake itaandika juu ya kila kitu.

Diski ndiyo ya kutiliwa shaka kuliko kifaa kingine chochote. Sakinisha smartmontools, programu inayosoma afya ya diski, uendeshe smartctl -a ukitaja jina la diski, kisha utazame mistari miwili: Reallocated_Sector_Ct (sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa) na Current_Pending_Sector (sehemu zinazotiliwa shaka). Namba zake zikiwa zinapanda wiki hadi wiki, diski hiyo usiikabidhi picha za mtu yeyote. Anayenunua diski ya mtumba Kariakoo adai ipimwe mbele yake kabla ya kutoa fedha. Ipangilie kwa ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, badala ya kuiacha na NTFS iliyotoka nayo kwenye Windows, na katika faili la /etc/fstab, linaloiambia mashine ni diski zipi izifungue inapowaka, uitaje kwa UUID yake, yaani namba yake ya utambulisho isiyobadilika, kwa sababu jina kama sdb1 linaweza kuhamia kwenye diski nyingine mashine inapowaka upya.

Kuhusu umeme, nunua UPS ndogo, kifaa cha betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika, yenye waya wa USB na uiunganishe na programu ya NUT, ili mashine ijizime kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Kompyuta mpakato ina betri yake tayari, ila uhakikishe haijavimba.

Sasa nakala rudufu, na hapa naomba msomaji atulie.

Mpiga picha mmoja wa harusi mjini Tanga alikuwa amefanya karibu kila kitu ambacho miongozo huagiza. Alikuwa na Debian, diski ya nje ya picha iliyopachikwa kwenye /srv/picha, yaani folda ambayo kupitia kwayo yaliyomo kwenye diski huonekana, na diski ya pili ya nakala kwenye /srv/nakala. Kila usiku cron, programu ya ratiba, iliendesha rsync, programu ya kunakili mafaili, ikiwa na chaguo la --delete, ambalo kazi yake ni kufuta upande wa nakala kila kisichokuwapo tena upande wa asili, ili pande zote mbili zilingane. Katika fstab aliweka nofail, chaguo linaloiruhusu mashine kuendelea kuwaka hata kama diski fulani haikupatikana. Kila kimoja kati ya hivyo, kikitazamwa peke yake, ni ushauri mzuri, na mtu huyu hakuwa mzembe hata kidogo.

Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Diski ya picha iliharibika. Mashine ilipowaka haikuiona, lakini kwa sababu ya nofail iliendelea kuwaka bila kulalamika, na /srv/picha ikabaki kuwa folda ya kawaida isiyo na kitu ndani. Usiku rsync ikafika kwa saa yake, ikasoma folda ile tupu, ikahitimisha kwamba mwenye mali amefuta picha zote, nayo ikazifuta zote kutoka kwenye diski ya nakala. Haikuwa hitilafu, programu ilitekeleza agizo kama lilivyoandikwa. Asubuhi alipoona picha hazionekani hakushtuka, kwa kuwa alijua anayo nakala. Alishtuka alipoifungua diski ya pili.

Tuliizima mashine mara moja ili kisiandikwe kitu kingine chochote, kisha tukaiendesha PhotoRec juu ya diski ya nakala. Programu hiyo hutafuta mafaili kwa kutambua umbo la data zake, kwa hiyo huyarudisha bila majina wala folda zake. Picha nyingi zilirudi, zikiwa fungu moja kubwa lisilojulikana lipi la harusi ipi, na ikabidi zipangwe kwa tarehe ambazo kamera huandika ndani ya kila faili. Video zilikuwa na hali mbaya zaidi, kwa sababu faili kubwa huwa limetawanyika vipande vipande kwenye diski, na nyingi hazikufunguka. Zilikuwamo harusi za familia zilizokwisha kulipa na zilizokuwa zinasubiri albamu. Kumtazama mtu akipiga simu za namna hiyo ni jambo ambalo sitaki kulishuhudia tena, na ndilo lililonisukuma kuandika haya.

Basi fanya hivi kabla ya kuiamini ratiba yoyote ya usiku. Weka ndani ya diski ya picha faili dogo la alama, kisha uandike skripti, yaani faili la amri zinazoendeshwa kwa mfuatano, itakayolitafuta faili hilo kwanza na kusimama papo hapo isipoliona. Amri ya mountpoint -q nayo hufanya ukaguzi wa namna hiyo, kwa kuangalia kama kweli diski imepachikwa kwenye folda. Ongeza --max-delete, ili rsync isite ufutaji ukizidi idadi uliyoiruhusu. Bora zaidi, tumia programu inayotunza historia, kama restic, BorgBackup au rsnapshot, ili kosa la jana usiku lisiifute hali ya juzi. Skripti ikutumie ujumbe inaposhindwa, kwa kuwa ukimya wake hauthibitishi chochote. Nakala nyingine ikae ikiwa imechomolewa kabisa, ikiwezekana katika nyumba tofauti, ambako radi, wizi na moto wa nyumbani kwako haviifikii.

Usidanganywe na RAID wala Syncthing katika jambo hili. RAID, mpango wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, hukusaidia diski moja inapokufa, lakini ukifuta faili hufutika kwenye diski zote kwa pamoja. Syncthing, programu ya kulinganisha mafaili kati ya vifaa, nayo hupeleka ufutaji kwenye kila kifaa, isipokuwa umeiagiza itunze matoleo ya zamani. Kisha, mara kwa mara, chagua faili moja bila mpango, ulirudishe kutoka kwenye nakala na ulifungue kwa macho yako. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa haijulikani kama ipo.

Upande wa mtandao, usifungue mlango wa Samba kuelekea intaneti kwa sababu yoyote. Ile programu haribifu ya WannaCry iliyosambaa Mei 2017 ilipita kwenye udhaifu wa Windows katika itifaki hiyohiyo ya kugawana mafaili. Anayetaka kuyafikia mafaili yake akiwa safarini atumie WireGuard, njia ya siri (VPN) ya kuingia kwenye mtandao wa nyumbani, iliyomo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020. Ajue pia kwamba anayetumia ruta ya laini ya simu mara nyingi hushirikishwa anwani moja ya nje na wateja wengine, kwa hiyo kufungua milango kwenye ruta hakutamfikisha popote, na atahitaji huduma kama Tailscale au seva ndogo ya kukodi yenye anwani yake. SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali, iingiwe kwa funguo, na nywila zizimwe.

Washa unattended-upgrades, ili marekebisho ya usalama yajisakinishe yenyewe, lakini usihamie toleo jipya la mfumo mzima wiki ambayo una kazi ya watu mkononi. Usiweke mashine juu ya kabati karibu na bati, wala sakafuni panapopigwa deki. Diski zibandike lebo zenye majina, kwa sababu diski mbili nyeusi zinazofanana huchanganywa hata na mtu makini. Andika kwenye daftari la karatasi nywila ya kufungulia nakala, kwani restic bila nywila yake haifunguliwi na mtu yeyote, na umwoneshe mwenzako nyumbani daftari hilo linapokaa na namna ya kuizima mashine. Na kama kuna amri umeipata mahali na hujaelewa kila neno lililomo, hasa inapoanza na sudo, neno linaloipa amri mamlaka yote, usiibonyezee Enter usiku ukiwa na usingizi.