Kulinda figo kwa chakula: anza na kipimo, sio na orodha ya vyakula

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "nile nini kisafishe figo?", na jibu langu huwa linawakatisha watu tamaa: hakuna. Figo zenyewe ndo wasafishaji, kwa siku zinachuja kama lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu afu karibu yote zinayarudisha mwilini, kinachobaki ni lita moja au mbili za mkojo, sasa glasi ya juisi ya kijani itasafisha nini hapo? Kinachoziua figo taratibu mara nyingi ni kisukari na presha, na chakula kinaingilia hapohapo. Mimi ni mtu wa lishe, wagonjwa wa figo ndo kazi yangu ya kila siku, na utaratibu ulioko hapa chini ndo ninaoutumia nikimpokea mtu mpya.

Kuna kitu kinavuruga sana watu, nikiseme mapema. Mlo wa kuzuia ugonjwa wa figo na mlo wa mtu ambaye figo zake zimeshachoka ni milo miwili, na kuna sehemu inapingana kabisa. Zile orodha zinazorushwa kwenye magrupu, usile ndizi, usile maharage, nyanya acha, ni za mtu ambaye potasiamu yake (madini yaliyomo kwa wingi kwenye vyakula hivyo) imepanda kwenye damu. Mwenye figo nzima akizifuata anajinyima vitu vilevile ambavyo vingemshushia presha, yaani anakimbia dawa. Ndo maana hatua ya kwanza haina chakula ndani yake.

Hatua ya 1: Pima

Omba presha, sukari, kreatinini ya damu (taka ya misuli ambayo figo huichuja) na albumini ya mkojo (protini ya damu ambayo figo nzima haiiachii ivuje). Hiyo ya mwisho inasahaulika sana, mtu anaambiwa "figo ziko sawa" kwa damu tu, wakati albumini inaweza kuanza kuvuja kwenye mkojo kabla kreatinini haijasogea. Kutoka kwenye kreatinini maabara wanakokotoa namba inaitwa eGFR, makadirio ya figo zinachuja kwa kasi gani. Ikiwa chini ya 60, au albumini ikiwa kuanzia miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini ya mkojo, na hali hiyo ikaendelea zaidi ya miezi 3, hapo ndo tunaita ugonjwa sugu wa figo. Majibu mabaya ya siku moja sio hukumu, homa tu au kuishiwa maji mwilini vinaweza kuyavuruga. Na usisubiri dalili, mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo na bado anaamka vizuri anaenda kazini.

Jambo dogo ila lina maana: usiku wa kuamkia kipimo usile mlo mkubwa wa nyama, nyama iliyopikwa inapandisha kreatinini kwa muda. Na wale wa jimu mnaotumia unga wa kreatini mwambieni daktari, msije mkashtuka bure.

Hatua ya 2: Jua uko kundi gani

eGFR 60 na kuendelea, mkojo hauna albumini: fuata hatua zote zinazokuja, kula matunda na mboga kwa uhuru. eGFR chini ya 60 au mkojo una albumini: hatua za chumvi na sukari ni zako pia, ila habari ya protini na potasiamu ongea kwanza na anayekutibu. Chini ya 30, usijipangie mlo kwa kusoma mtandaoni, hata huu ninaoandika mimi.

Hatua ya 3: Chumvi, na hapa tutakaa

Kama una nguvu ya kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha hiki. WHO wanasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kama kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa, watoto pungufu ya hapo. Tatizo hakuna anayepika kwa kupima, kila mtu anamwaga kwa mkono, na ukimuuliza anakwambia "mimi situmii chumvi nyingi" na anaamini kabisa.

Basi fanya hivi. Hesabu watu wazima wanaokula nyumbani. Wakiwa wanne, gramu 5 mara 4 ni gramu 20 kwa siku, kwa wiki gramu 140. Pima hiyo chumvi kwenye mizani ya jikoni, weka kwenye kopo lake, na wiki nzima chumvi yote itoke humo, ya kupikia na ya mezani. Kopo likiisha Alhamisi umeshapata jibu lako bila kubishana na mtu. Ila hizo gramu 140 ni pamoja na chumvi iliyojificha kwenye vitu vya kununua, kwahiyo kama mnakula mkate, soseji, chipsi za pakiti, vile vidonge vya kuungia mchuzi au mchuzi wa soya, kopo inabidi lianze na pungufu, mimi huwa naanza na nusu.

Chumvi iliyojificha utaisoma kwenye lebo. Pakiti nyingi zinaandika sodiamu, sio chumvi, zidisha hiyo namba kwa 2.5 upate chumvi. Chukua supu ya pakiti iliyoandikwa sodiamu miligramu 800: mara 2.5 ni miligramu 2,000, yaani gramu 2 za chumvi. Sawa, sio mbaya sana? Sasa angalia maandishi madogo pembeni, imeandikwa hiyo ni kwa mgao mmoja na pakiti ina migao miwili, na wewe pakiti unaimaliza peke yako, kumbe umekula gramu 4 kati ya 5 na bado hujagusa chakula cha jioni. Huo mchezo wa migao ndo unaowakamata hata watu makini.

Usikate yote kwa siku moja, chakula kitakuwa kibaya familia itagoma. Punguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, ulimi unazoea, na ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili vinasaidia sana kuziba pengo. Onyo moja zito: zile chumvi mbadala za "sodiamu kidogo" nyingi zina kloridi ya potasiamu. Kwa mwenye figo nzima zinaweza kusaidia presha, lakini kwa mwenye figo zilizochoka, au anayetumia dawa za presha zinazopandisha potasiamu kama enalapril, losartan na spironolactone, potasiamu inaweza kupanda mpaka mapigo ya moyo yavurugike. Usinunue kabla hujauliza.

Hatua ya 4: Vinywaji vya sukari

Hii fupi. Kopo la kola la mililita 330 lina sukari kama gramu 35, karibu vijiko 9 vya chai. WHO wanataka sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50, na wanasema ingekuwa 25 ingekuwa bora zaidi. Na juisi hata ya matunda halisi inahesabika humo. Kula tunda lenyewe.

Hatua ya 5: Panga sahani upya

Mlo wenye ushahidi mzuri ni ule unaoitwa DASH, ulitengenezwa Marekani kushusha presha na matokeo yake yalitoka 1997: mboga na matunda kwa wingi, nafaka zisizokobolewa, maharage na jamii yake, karanga, maziwa yenye mafuta kidogo, nyama nyekundu kidogo. Utafiti wa ARIC wa hukohuko Marekani ulifuatilia watu zaidi ya 14,000 kwa miaka zaidi ya 20, na waliokuwa mbali na mlo huu walipata ugonjwa wa figo zaidi kuliko waliokuwa karibu nao, na nyama nyekundu na za kusindikwa zilionekana upande mbaya. Huo ni ufuatiliaji, hauthibitishi kila kitu, ila unaendana na tunachojua kuhusu presha.

Protini: gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito zinamtosha mtu mzima wa kawaida. Kilo 70 ni gramu 56. Yai moja lina kama 6, nyama iliyopikwa gramu 100 ina 25 hadi 30, kwahiyo mtu anayekula nyama mara mbili kwa siku afu anaongeza unga wa protini ameshapita mbali. Mwenye figo nzima sina ushahidi mzito wa kumtisha nao, lakini mwenye ugonjwa unaoendelea anashauriwa asizidi gramu 1.3 kwa kilo. Protini ya maharage ina faida nyingine, fosforasi yake (madini ambayo figo zilizochoka zinashindwa kuyatoa) mwili unaichukua kidogo tu, tofauti na fosfeti ya kiwandani ambayo karibu yote inaingia. Hiyo utaikuta kwenye nyama za kusindikwa na kola, kwenye lebo tafuta neno lolote lenye "phos" au namba kama E338 na E451.

Hatua ya 6: Acha visivyosaidia

Maji mengi kupita kiasi: Kanada waliwapa wagonjwa wa figo ushauri wa kunywa maji zaidi kwa mwaka mzima, matokeo yakatoka 2018, figo hazikupungua kasi ya kuchoka. Kunywa ukisikia kiu, ongeza kwenye joto na ukiharisha, basi.

Mitishamba ya kupunguza uzito na "detoksi" hapa sina upole. Ubelgiji miaka ya 1990 wanawake waliokuwa wanapunguza uzito walipewa mitishamba yenye asidi ya aristoloki na wengi figo ziliharibika moja kwa moja. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni sio chakula najua, lakini mtu anabana chumvi huku anameza hizo kila siku kwa ajili ya mgongo, kazi yote inaenda bure.

Hatua ya 7: Rudia kipimo

Presha pima nyumbani kila wiki kama una mashine, hiyo ndo itakuonyesha mapema kama kopo la chumvi linafanya kazi. Ukiwa na kisukari au presha, damu na mkojo rudia angalau mara moja kwa mwaka. Kama majibu ya kwanza yalikuwa mabaya, usikae zaidi ya miezi 3, na nenda na karatasi zote za zamani, maana daktari anachotafuta ni mwelekeo wa zile namba, na karatasi moja haimwambii kitu.