Umekatwa shoti kwenye mshahara? Anzia hapa

Nimeuza mafuta kwenye pampu miaka minne, barabara ya Morogoro. Mwisho wa mwezi wa tatu nikafungua bahasha, ndani 160,000 badala ya 300,000. "Shoti yako hiyo, dada," meneja akasema, akaendelea kugawa za wenzangu. Shoti ni upungufu wa pesa au mali unaobebeshwa wewe. Nikaondoka kimya. Wewe wa pampu, kaunta, stoo au wa kubeba sahani hotelini, usiondoke kimya.

Usigombane pia. Omba maandishi. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri anayekukata kwa ajili ya hasara akuandikie chanzo chake, kiasi, na alivyopiga hesabu, kisha akupe nafasi ya kupinga. Hasara iwe imetokea kazini, kwa kosa lako. Asidai zaidi ya hasara halisi, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wa fedha. Robo ya laki tatu ni 75,000. Mimi zilikwenda 140,000 kwa mkupuo.

Ile karatasi ya siku ya kuajiriwa, "nakubali kukatwa hasara yoyote"? Saini yako haifuti masharti hayo.

Nayo hayakuzuka tu. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1949, ambao Tanganyika iliuridhia 1962, unaruhusu makato kwa masharti ya sheria za nchi, mkataba wa hali bora (wa chama cha wafanyakazi na mwajiri) au tuzo ya mwamuzi. Pendekezo Na. 85 la mwaka huohuo ndilo linalotaka kosa lidhihirike ni lako na usikilizwe kabla hujakatwa. Robo haimo humo, hiyo tumeiweka wenyewe. Lakini Pendekezo haliibani nchi, kwa hiyo mbele ya meneja taja kifungu cha 28, ya Shirika la Kazi yaweke akiba.

Hesabu ikija, ikague. Mita ya kufungia toa ya kufungulia, zidisha kwa bei, kisha toa yaliyolipwa kwa simu na ya mkopo; inayobaki ndiyo taslimu uliyopaswa kukabidhi. Shoti nyingi hufia hapo. Yangu ilikuwa na lita za saa ya chakula: pampu aliishika mwingine na hakuna aliyesaini makabidhiano. Siku hizi nawaambia wadogo zangu wapige picha ya mita kila wanapopokea na kukabidhi.

Barua iwe fupi: "Naomba maelezo ya maandishi ya makato ya Sh 140,000 katika mshahara wa Machi: chanzo, kiasi na hesabu. Siyakubali mpaka nisikilizwe." Toa nakala mbili, yako isainiwe na aliyepokea.

Wakikuzungusha, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi tunaiita CMA. Jaza Fomu Na. 1, mwajiri apewe nakala, nawe uwe na ushahidi kwamba ameipata. Wakili si lazima. Una siku 60 tangu mgogoro uanze. Zile 30 unazozisikia ni za walioachishwa kazi. (Zanzibar wana sheria yao, ya 2005.)

Hesabu siku hizo kwenye kalenda. Mimi nilifika siku ya 71, nikapewa Fomu Na. 2 nieleze kwa nini nimechelewa. Sababu ya maana sikuwa nayo.