Mapunye ya kichwani kwa mtoto: jinsi ya kuyatibu mpaka yaishe

Mzazi akiona mabaka yenye magamba kichwani kwa mtoto, kwa kawaida hununua tyubu ya krimu. Hupaka asubuhi na jioni, magamba yanapungua, anafurahi. Mwezi haujaisha mabaka yamerudi, na mdogo wake mtoto naye anajikuna. Fangasi wa mapunye huingia ndani ya unywele wenyewe, hadi kwenye shina lake, na krimu haifiki huko. Kwa hiyo mapunye ya kichwani hutibiwa kwa dawa ya kumeza. Mimi ni mfamasia, na hili ndilo ninalotamani kila mzazi alijue kabla hajatoa hela.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mapunye

Mkalishe mtoto penye mwanga. Tafuta sehemu ambazo nywele zimekatika, au vidoa vyeusi ambavyo ni nywele zilizokatikia usawa wa ngozi. Papasa kisogoni na shingoni, mara nyingi utakuta tezi zimevimba. Mba wa kawaida hutoa magamba lakini haukati nywele.

Ukikuta uvimbe laini unaotoa usaha, usiutumbue wala kuuchana. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, maana ukicheleweshwa huacha kovu ambalo nywele hazioti tena. Penye maabara, omba magamba na nywele chache zipimwe kwa darubini kabla ya dawa kuanza.

Hatua ya 2: Dawa ya kumeza, kwa uzito wa mtoto

Usikisie uzito, mpime. Dawa mbili ndizo hutumika zaidi, na zote huandikwa na daktari au tabibu.

Griseofulvini hutolewa miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa wiki 6 hadi 8. Mtoto wa kilo 15, kwa mfano, atahitaji kati ya miligramu 150 na 300 kwa siku. Inyweshwe pamoja na chakula chenye mafuta: maziwa, parachichi, karanga, wali wa nazi. Akiimeza na chai ya rangi, sehemu kubwa hupita tumboni bila kuingia mwilini, halafu watu husema dawa haifanyi kazi.

Terbinafini huchukua kama wiki 4. Kwa siku ni robo ya kidonge cha miligramu 250 kwa mtoto wa kilo 10 hadi 20, nusu kwa kilo 20 hadi 40, kizima akizidi hapo. Fangasi wanaotoka kwa paka na mbwa hujibu vizuri zaidi kwa griseofulvini, kwa hiyo mwambie daktari kama nyumbani kuna mnyama mwenye mabaka.

Taja pia ugonjwa wowote wa ini, na dawa nyingine anazotumia. Griseofulvini haifai kwa mjamzito. Ketokonazoli ya kumeza ikataeni: mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani ziliiwekea vikwazo vikali kwa sababu ya kuumiza ini.

Magamba hupotea mapema, nywele huanza kuota, na hapo ndipo dozi nyingi hukatizwa. Maliza dozi yote, kisha mrudishe akaangaliwe.

Hatua ya 3: Shampuu

Mara mbili kwa wiki, mwoshe kwa shampuu ya ketokonazoli asilimia 2 au ya seleniamu salfaidi. Iache dakika 5 ndipo usuuze. Haiponyi peke yake, ila hupunguza vijidudu vinavyoruka kwa wengine. Ndugu zake waoshwe pia, hata wasio na dalili.

Hatua ya 4: Tyubu, na ipi uiogope

Choa cha mwilini, yaani mabaka ya fangasi kwenye ngozi isiyo ya kichwani, chenyewe hutibika kwa kupaka. Klotrimazoli mara mbili kwa siku, ukivuka ukingo wa baka kama sentimita 2, na uendelee wiki moja au mbili baada ya baka kufutika. Marhamu ya Whitfield, ya bei nafuu, nayo inafaa, ila si usoni wala sehemu za siri kwa kuwa huwasha.

Soma tyubu kabla ya kulipa. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, irudishe. Hizo ni steroidi. Hutuliza muwasho haraka, huku fangasi akiendelea kuenea kwenye ngozi iliyotulizwa, na baka likirudi huwa limebadilika sura hata daktari hupata shida kulitambua. Nyingi huuzwa zikiwa zimechanganywa na dawa ya fangasi, na ndizo wauzaji wengi huzipendekeza kwanza. Kwa mtoto, sikubaliani nazo kabisa.

Hatua ya 5: Kinyozi, kofia, shule

Vipande vya nywele vinavyobaki kwenye meno ya mashine hubeba fangasi hadi kichwa kinachofuata. Mwombe kinyozi aisugue kwa brashi mbele yako, kisha aifute kwa dawa ya kuua vijidudu, au nunueni mashine yenu ya nyumbani. Vitana, kofia, mitandio na mito kila mtu awe na vyake. Shuleni mtoto anaweza kuendelea kwenda mara tu dawa inapoanza, na mwalimu aelezwe ili asimtenge na wenzake.