Sori ya Wazungu siyo pole yetu: kwa mliofika ughaibuni juzijuzi

Hii utakutana nayo wiki za mwanzo tu kazini. Mwenzako anajikwaa kwenye ngazi, au anamwagikiwa na chai ya moto, mdomo wako ushatoa "sori!" kabla hujafikiria, na yeye anakujibu "it's not your fault", unabaki unashangaa, kwani nani kasema ni kosa langu? Umempa pole tu jamani, ila kwa neno ambalo wao siku hizi wanasikia msamaha kwanza. Wakenya ndo mnazidi, maana kwenu pole inabeba na samahani humohumo.

Kinachonifurahisha ni kwamba ukirudi kwenye asili ya hilo neno sorry sisi ndo tuko sahihi. Kwenye Kiingereza cha kale lilikuwa sarig, limetoka kwenye sar yaani maumivu, na ndugu yake wa damu ni sore, hiyohiyo ya sore throat unayomwambia daktari. Mtu akiwa sarig ana uchungu moyoni, basi, hakuna aliyemkosea mtu. Wengi wanadhani limezaliwa na sorrow, yaani huzuni, hapana, hilo lilikuwa sorg, ukoo mwingine kabisa, ila kwa vile yanakaribiana maana na sauti likamvuta mwenzie mpaka ile a ikawa o. Mambo ya kuomba radhi yamekuja kulitawala baadaye sana.

Sasa ufanyeje? Mtu akianguka uliza "Are you OK?" inatosha. Akikupa habari mbaya sema "I'm sorry to hear that", msiba "I'm sorry for your loss", hizo ni pole kamili na hakuna atakayekushangaa. Pole ya kazi na pole ya safari sahau, hawana, muulize tu siku imeendaje. Uingereza mtu akikuambia "sorry?" kwa kupandisha sauti hajakusikia, rudia, usimwambie hamna shida. Na ukisikia kitu kinaitwa "sorry excuse" hapo hakuna huruma, ni dharau.

Kwenye ajali ya gari ndo watu wanaogopa zaidi kusema sori, isije ikaonekana wamekiri kosa. England na Wales sheria ya fidia ya 2006 inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe, Ontario kule Kanada wana ya kwao toka 2009. California inalinda maneno ya huruma, ila ukiongeza "nilikuwa naangalia simu" hilo halilindwi, na Marekani kila jimbo na lake. Kwa hiyo muulize kama kaumia, piga picha, badilishaneni namba za bima, habari ya nani mkosaji waachie bima. Nyie mnaofanya kazi kwenye nyumba za wazee pia, mzee akianguka pole mpe mwenyewe kwa mdomo, kwenye ripoti andika ulichoona: saa ngapi, umemkuta wapi, umemwita nani.