Somo: Jinsi ya kufuatilia ugonjwa unavyovuruga kazi za mwili

Wanafunzi wengi hujifunza magonjwa kwa kukariri orodha za dalili. Orodha hizo husahaulika upesi, na hata zikikumbukwa hazielezi kwa nini mgonjwa wa kisukari anakojoa mara kwa mara ilhali hitilafu yake ilianzia kwenye kongosho. Somo hili linafuata njia nyingine: tunaanza na kazi ya kawaida, kisha tunauliza ilivurugwa wapi. Mara nyingi ugonjwa hauleti mwilini kazi mpya. Huishika kazi iliyokuwepo ukaizidisha, ukaipunguza, au ukaielekeza pabaya.

Hatua ya 1: Ijue kazi ya kawaida na mipaka yake

Mwili hulinda hali yake ya ndani isivuke mipaka fulani. Joto hukaa karibu na nyuzi 37 za Selsiasi. pH ya damu, yaani kipimo cha asidi yake, hubaki kati ya 7.35 na 7.45, na sukari ya mtu mwenye afya ambaye hajala tangu usiku huwa takriban miligramu 70 hadi 100 katika kila desilita ya damu. Kila kipimo kina walinzi wake, wakiwemo figo, mapafu, ini, homoni na ubongo, na asiyewajua walinzi hao hatatambua ni yupi aliyezidiwa.

Hatua ya 2: Tafuta mahali palipoguswa na namna palivyoguswa

Hapa ndipo watu huwa na haraka. Chukua kipindupindu. Wengi hudhani kwamba bakteria wake huuchana utumbo, lakini sivyo. Bakteria hao hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu inayoingia ndani ya seli na kuziamrisha zimwage kloridi bila kukoma, nayo sodiamu (hizo mbili ndizo zinazounda chumvi ya mezani) na maji hufuata nyuma yake. Seli hizo hazijafa. Zinafanya kazi yao ya siku zote ya kulowesha utumbo, ila amri ya kuacha haifiki. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja ya maji kwa saa.

Kwenye seli zilezile upo mlango mwingine, unaoingiza sodiamu ikiwa imeandamana na glukosi, yaani aina ya sukari, na mlango huo sumu haikuugusa. Ndiyo maana mchanganyiko wa chumvi na sukari unaoitwa ORS huweza kurudisha maji mwilini hata wakati kuhara kunaendelea. Kwa maoni yangu, hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi faida ya kujua ni nini hasa kilichoharibika na ni nini kilichobaki kizima.

Ziko namna nyingine. Vimelea vya malaria huzaliana ndani ya seli nyekundu za damu na kuzipasua. Donge la damu huziba mshipa, na sehemu iliyo mbele yake ikakosa oksijeni. Katika saratani, seli hugawanyika bila kutii ishara za kuacha. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini.

Hatua ya 3: Fuata mnyororo bila kuruka pete hata moja

Tuendelee na kisukari hicho. Insulini ikikosekana, misuli na mafuta hushindwa kuchukua sukari ya kutosha kutoka kwenye damu, huku ini likizidi kuimimina. Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku na kwa kawaida huirudisha sukari yote kwenye damu; lakini sukari ya damu ikifika karibu miligramu 180 kwa desilita, uwezo huo huanza kuzidiwa, na sukari hutoka na mkojo. (Namba 180 imejirudia kwa sadfa tu, msizichanganye.) Sukari iliyo kwenye mkojo huvuta maji, hivyo mkojo huwa mwingi, mwili hukauka, na kiu huja.

Wakati huohuo seli zina njaa katikati ya shibe. Mwili huanza kuchoma mafuta kwa wingi, jambo linalozalisha ketoni, nazo huongeza asidi kwenye damu. Mgonjwa basi huanza kuvuta pumzi nzito za harakaharaka, na asiyefuata mnyororo atadhani kwamba mapafu yana ugonjwa, kumbe yanatoa kaboni dayoksaidi ili kupunguza asidi hiyo.

Hatua ya 4: Tenga madhara ya ugonjwa na juhudi za mwili za kujitetea

Kiu na pumzi nzito tulizoziona ni utetezi. Homa nayo ni hivyo: kinga hutoa kemikali zinazoufanya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, upandishe kiwango cha joto unachokilenga. Mgonjwa hutetemeka kwa baridi ilhali ngozi yake ni ya moto, kwa sababu mwili bado haujafikia kiwango hicho kipya.

Maswali kuhusu somo

Swali: Mwalimu, ikiwa homa ni utetezi, je, ni kosa kumeza dawa ya kuishusha?

Jibu: Si kosa. Parasetamoli humpa mgonjwa nafuu, lakini haiui bakteria wala vimelea. Kosa ni kudhani kwamba joto likishuka chanzo kimeondoka. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi apelekwe kwa mhudumu wa afya bila kusubiri.

Swali: Ahsante kwa somo. Mbona shinikizo la juu la damu hukaa miaka mingi bila dalili?

Jibu: Kwa sababu mwili hulifidia. Msuli wa moyo hunenepa ili usukume kwa nguvu zaidi, na vichujio vya figo vilivyobaki hubeba kazi ya vile vilivyokufa. Kila figo ina takriban vichujio milioni 1, kwa hiyo akiba ni kubwa, na dalili huonekana akiba hiyo inapokaribia kwisha. Kupima ndiyo njia ya kulijua mapema.

Swali: Mwalimu, inakuwaje mgonjwa wa siko seli awe na upungufu wa damu na pia maumivu makali, ilhali kasoro ni moja?

Jibu: Kasoro ni moja kweli: asidi amino moja, yaani kijenzi kimoja cha protini, imebadilika katika mnyororo wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu. Himoglobini hiyo ikipoteza oksijeni hugandamana, na seli hujikunja kama mundu. Seli za namna hiyo huvunjika baada ya siku 10 hadi 20 badala ya 120, ndipo damu inapopungua; nazo huziba mishipa midogo, ndipo maumivu yanapotokea.

Swali: Kuhusu ORS, kama sukari ndiyo inayoingiza chumvi, je, nikiongeza sukari zaidi mgonjwa hatapona upesi?

Jibu: La, utamdhuru. Mlango ule huhitaji sodiamu na glukosi kwa uwiano, na sukari inayozidi hubaki ndani ya utumbo ikivuta maji kutoka mwilini, kwa hiyo kuhara huongezeka. Koroga pakiti kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, bila kuongeza kitu. Mgonjwa asiyeweza kunywa, au aliyelegea kabisa, anahitaji dripu, na hapo akimbizwe hospitali.